Kiti cha miaka kumi

Januari 1992, mtu aliyetaka kuingia uwanja wa St James' Park hakuhitaji kuwahi. Newcastle United ilikuwa inaburuza mkia katika Daraja la Pili la Uingereza, madeni yakiwa shingoni, na siku ilipoikaribisha Charlton Athletic ilitangulia kwa mabao matatu kisha ikafungwa manne. Walioishuhudia aibu hiyo walikuwa kama 15,000 tu, katika uwanja ambao mwaka 1930 uliwahi kuingiza watu 68,386 kwa mechi moja. Ulilipa kiingilio getini, ukachagua pa kusimama, na nafasi ikabaki mpaka filimbi ya mwisho.

Tarehe 5 Februari klabu ikamkabidhi timu Kevin Keegan, ambaye hakuwahi kufundisha timu yoyote. Wakazi wa jiji walimjua kwa jambo jingine. Aliichezea Newcastle kuanzia 1982, akaisaidia kupanda daraja mwaka 1984, kisha akaagwa kwa namna ambayo wazee wa pale wanaisimulia hadi leo: helikopta ilitua uwanjani, akapanda, ikamchukua huku majukwaa yakimpungia mikono. Mechi yake ya kwanza kama kocha ilivuta zaidi ya watu 29,000. Timu ikanusurika kushuka siku ya mwisho ya ligi, kule Leicester. Msimu uliofuata ikashinda mechi 11 za mwanzo mfululizo, na Mei 1993 ikapanda Ligi Kuu ikiwa bingwa wa daraja lake, ikiisindikiza Leicester hiyohiyo kwa mabao 7–1.

Hapo ndipo kiingilio kilipogeuka kuwa kesi. Watu wote waliokuwa wamekaa nyumbani Januari ya 1992 sasa walitaka kuingia, pamoja na watoto wao na shemeji zao.

Klabu ndogo ikipanda daraja, swali la tiketi hujitokeza kabla hata ya lile la usajili. Nani aanze? Yule aliyelowa mvua wakati timu inafungwa na Charlton, au yule aliyeanza kuipenda juzi lakini ana pesa mkononi? Mwenye tiketi ya msimu wa zamani, au kijana ambaye hajawahi kuwa nayo kwa sababu alikuwa shuleni? Kwa zaidi ya miaka mia moja soka la Uingereza lililikwepa swali hilo kwa kanuni moja nyepesi: aliyewahi ndiye aliyeingia. Mwaka 1890 Ligi ya Uingereza iliweka kiwango cha chini cha kiingilio, peni sita kwa mtu mzima, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikapanda hadi shilingi moja. Fundi wa meli na karani wa benki walilipa sawa kwenye geti lilelile la chuma, na aliyechelewa alikuta limefungwa.

Kanuni hiyo ilikuwa na haki yake, ila iliua watu. Aprili 1923, fainali ya kwanza ya Kombe la FA kwenye uwanja mpya wa Wembley ilichezwa bila tiketi za kuuzwa mapema isipokuwa kwa sehemu ndogo ya viti. Hesabu rasmi ilikuwa watu 126,047, lakini waliopanda kuta na kubomoa vizuizi walikuwa wengi mno kiasi kwamba umati ulimwagika mpaka ndani ya uwanja, na askari mmoja juu ya farasi wa rangi ya kijivu akakumbukwa kwa kuwarudisha nyuma hatua kwa hatua. Mojawapo ya timu za siku hiyo, West Ham, ilikuwa katikati ya mbio za kupanda daraja, na siku chache baadaye ikapanda kweli. Hakuna aliyekufa Wembley, ikabaki kuwa hadithi ya kuchekesha. Machi 1946, pale Burnden Park mjini Bolton, watu 33 walibanwa hadi kufa kwenye msongamano wa namna hiyohiyo.

Newcastle yenyewe iliishi na umati wa aina hiyo bila kuhesabu nani ni nani. Msimu wa 1947–48, ikiwa bado daraja la pili na ikielekea kupanda, wastani wa mahudhurio St James' Park ulipita 56,000, rekodi ya nchi nzima kwa wakati ule. Iliwezekana kwa sababu watu walisimama. Sehemu ya kusimama hunyumbulika: wakiongezeka elfu moja, kila mtu husogea nusu hatua, mtoto hubebwa mabegani. Kiti hakisogei.

Tatizo lilijitokeza zaidi kwenye fainali za kombe, ambazo Newcastle ilizishinda tatu, 1951, 1952 na 1955. Tiketi za Wembley zilizofika kwa klabu zilizoingia fainali zilikuwa sehemu ndogo ya zote, nyingine zikigawiwa vyama vya mikoa na wakubwa wa soka. Ndipo ukaenea nchini utaratibu wa kuponi. Kila programu ya mechi, kile kijitabu kilichouzwa mlangoni, ilichapwa ikiwa na kuponi ndogo yenye namba. Shabiki alirudi nyumbani, akaikata kwa mkasi, akaibandika kwa gundi kwenye karatasi maalumu yenye visanduku. Timu ikifika fainali, aliyejaza visanduku vingi alitangulia kwenye foleni. Baadhi ya klabu ziliweka kuponi hata kwenye programu za timu ya akiba, na mechi ambazo zamani zilitazamwa na mbwa na mlinzi zikaanza kupata watu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mkasi na gundi vilikuwa karibu zaidi na haki kuliko mengi yaliyofuata. Ushahidi ulikuwa mahudhurio, si mfuko. Kasoro haikukosekana. Programu ingeweza kununuliwa na mtu asiyeingia kabisa uwanjani, na mfanyakazi wa zamu ya Jumamosi (kwenye migodi na viwanda vya meli vya Tyneside, eneo la Newcastle, walikuwa wengi) alibaki na visanduku vitupu ingawa moyo wake ulikuwa palepale.

Kilichobadilisha kila kitu kilitokea Sheffield. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya uwanja wa Hillsborough, na waliopoteza maisha kutokana na siku ile ni 97. Ripoti ya mwisho ya Jaji Taylor ilitoka Januari 1990 na kupendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa tupu. Taylor hakuona sababu ya bei kuruka. Alitoa mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers kule Glasgow, ambako wakati huo kiti kiligharimu pauni 6 na nafasi ya kusimama pauni 4. Klabu zilichukua pendekezo la viti, mfano wa bei zikauacha kwenye makaratasi.

Kwa Newcastle, mambo mawili yakakutana kwa wakati mmoja. Timu ilipanda daraja kiangazi cha 1993, na kiangazi hichohicho upande wa Leazes, ambako vizazi vilisimama, ulikuwa ukijengwa upya kwa viti. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya upande wa Gallowgate. Watu waliongezeka huku nafasi zikipungua. Ujenzi ulipokamilika uwanja uliingiza kama 36,600, na msimu wa 1995–96, ule ambao Newcastle iliongoza ligi kwa pointi 12 kisha ikazimwaga, wastani wa mahudhurio ulikuwa karibu 36,500. Maana yake kila mechi ilijaa, na karibu viti vyote vilikuwa vya wenye tiketi za msimu. Kijana wa mtaa wa Byker aliyetaka mechi moja tu hakuwa na dirisha la kwenda. Timu ngeni zilipewa nafasi za kuhesabika.

Mwenye klabu alikuwa John Hall, mtoto wa mchimba makaa aliyetajirika kwa kujenga Metrocentre, duka kubwa la Gateshead ng'ambo ya mto. Alihitaji pesa za kumalizia majukwaa. London walikuwa wameshajaribu njia moja. Mwaka 1991 Arsenal na West Ham zilitangaza hatifungani: shabiki analipa fungu kubwa mara moja ili apate haki ya kununua tiketi ya msimu kwa miaka mingi ijayo. Ya Arsenal ilianzia pauni 1,000. Ya West Ham ilikuwa kati ya pauni 500 na 975, na ilizua uasi. Mashabiki waliingia uwanjani kupinga katikati ya mechi, hatifungani chache mno zikanunuliwa, na timu yenyewe ikashuka daraja mwaka 1992. Si rahisi kumuuzia mtu miaka ijayo wakati Jumamosi hii unafungwa.

Newcastle ilikuja na ya kwake mwaka 1994, timu ikiwa imetoka kushika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, na Andy Cole akiwa amefunga mabao 41 katika mashindano yote. Bei ilikuwa pauni 500. Pesa hiyo haikununua mechi hata moja. Ilinunua uhakika kwamba kwa miaka kumi mlipaji angekuwa wa kwanza kuuziwa tiketi ya msimu ya kiti fulani, kwa safu na namba. Maelfu wakalipa. Wengine walikopa, maana kwa mshahara wa kaskazini-mashariki ya wakati ule, ambako viwanda vya meli vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, pauni 500 hazikuwa chenji.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa kisa hiki hulipita haraka. Hatifungani ya 1994 ilipendelea tangu siku ya kwanza. Haikuuliza nani alikuwepo siku ya Charlton. Wenye pauni 500 walisogea mbele ya wasiokuwa nazo, hata kama hao wa pili walikuwa wamesimama Gallowgate miaka ishirini. Walionunua hawakuwa na kosa. Walikuwa mashabiki wa kweli, wengi wao wa zamani. Lakini foleni ilishakatwa, na waliobaki nyuma hawakuwa na wakili wala jina la kuandikwa gazetini.

Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayofanya ulanguzi wa tiketi za soka kuwa kosa la jinai. Tiketi za muziki na tamthilia ziliachwa. Kwa hiyo mtu aliyesimama nje ya kituo cha treni akiuza tiketi kwa bei maradufu angeweza kufikishwa mahakamani, wakati klabu iliyouza haki ya kununua tiketi ilikuwa inafanya biashara halali kabisa. Sababu ya wabunge ilikuwa usalama, kuwazuia mashabiki wa pande mbili wasichanganyike. Haki ya mnunuzi haikuwa ajenda.

Hamu ya watu haikupungua. Julai 1996 Alan Shearer, mzaliwa wa Newcastle, alinunuliwa kwa pauni milioni 15, rekodi ya dunia, na watu wapatao 15,000 wakasimama nje ya uwanja kumwona tu akitambulishwa. Tazama namba hiyo: ni karibu sawa na wale waliolipa kiingilio siku ya Charlton. Aprili 1997 klabu iliingia soko la hisa. Kuanzia hapo, kila kiti kilikuwa na watu wawili wa kuridhishwa, aliyekikalia na mwenye hisa aliyetaka kujua kinaingiza kiasi gani.

Jibu la kwanza kwa uhaba wa viti lilikuwa kuhama. Klabu ilipanga kujenga uwanja mpya Castle Leazes, kwenye malisho ya wazi jirani na St James' Park, ambako kundi maalumu la raia wa jiji lina haki ya kulisha ng'ombe tangu zama za kati. Watu waliungana kuitetea nyasi yao, na kufikia mwisho wa 1997 mpango ukafa. Ikabidi uwanja uleule upandishwe juu. Lakini upande wa mashariki, hatua chache nyuma ya jukwaa, kuna Leazes Terrace, safu ya nyumba za mawe zilizoanza kujengwa 1829 na zinazolindwa kisheria kama urithi. Huwezi kuzizibia jua. Ndiyo maana mgeni anayefika Newcastle leo huuona uwanja umeegemea upande mmoja: majukwaa mawili yamepaa angani na mawili yamebaki chini. Nafasi ya kupanua ilikuwa Leazes na Jukwaa la Milburn, basi.

Milburn ndiko palipokuwa na viti vitamu zaidi. Jukwaa hilo lina jina la Jackie Milburn, aliyefunga mabao yote mawili ya fainali ya 1951 na ambaye aliwahi kufanya kazi mgodini. Mwaka 1999 klabu ilitangaza upanuzi wa pauni milioni 42 ambao ungefikisha viti 52,000. Ili ulipe, sehemu nzuri zaidi zilitakiwa kwa wageni wa makampuni: viti vya sponji, chakula, kinywaji, mkataba wa mwaka. Karibu watu 4,000 wenye tiketi za msimu wakaelezwa kwamba watahamishwa. Miongoni mwao walikuwemo walionunua hatifungani miaka mitano tu nyuma.

Wakati ulikuwa mbaya kwa klabu. Machi 1998 gazeti moja la London liliwarekodi kwa siri vigogo wake wawili, Freddy Shepherd na Douglas Hall, mtoto wa John, wakiwacheka mashabiki kwa kununua jezi za bei ghali na kuwatukana wanawake wa Newcastle. Walijiuzulu, kisha baada ya miezi wakarudi. Kwa hiyo taarifa ya kuhama ilipofika, iliwafikia watu ambao walikuwa wameshasikia wenye klabu wanawaonaje.

Wakaanzisha kampeni, Save Our Seats, na mashabiki sita wakaipeleka klabu Mahakama Kuu kwa niaba ya wenzao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tuliahidiwa kiti kwa miaka kumi, miaka mitano haijawa kumi. Klabu ikafungua masharti ya hatifungani. Humo ndani, kwenye maandishi madogo, kulikuwa na kifungu kilichoipa haki ya kumhamishia mwenye hatifungani kwenye kiti kingine. Tangazo la rangi lilisema kiti chako. Karatasi ya masharti ilisema kiti chako mpaka tukikihitaji.

Mahakama ikasimama na karatasi. Mashabiki walishindwa Machi 2000, wakakata rufaa, na kabla ya msimu mpya kuanza Mahakama ya Rufani nayo ikawa upande wa klabu. Kisheria ni vigumu kuwalaumu majaji: mkataba ulikuwepo, kifungu kilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Juu ya kupoteza viti, wale sita walikuwa wanakabiliwa na gharama za kesi, na watu wa jiji wakaanza kuchangishana.

Waliohamishwa walikwenda kwenye kona au juu kabisa, kwenye orofa mpya inayofikiwa kwa vipande 14 vya ngazi mfululizo. Kutoka kule juu mchezaji ni kama punje, ingawa wenye macho mazuri husema ndiko unakoona mfumo wa timu vizuri. Na haki haitaki kusahau upande wa pili: upanuzi ule uliongeza viti kama 15,000, na wengi waliovikalia walikuwa watu waliosubiri tangu kupanda kwa 1993. Klabu ililisema hilo kila ilipohojiwa, na halikuwa uongo. Isingeshindwa kuongeza viti hivyo juu na kuwaacha watu wa Milburn walipo. Ingepata pesa kidogo zaidi kwa mwaka, basi.

Miaka ilivyokwenda, upepo ukageuka. Newcastle ilishuka daraja 2009, ikapanda 2010. Ikashuka 2016, ikapanda 2017. Katika msimu ule wa pili wa daraja la chini wastani wa mahudhurio ulipita 51,000, kwa hiyo aliyesema watu wa Newcastle hufuata ushindi tu alikosa la kusema. Lakini chini ya mmiliki Mike Ashley uchovu ulikuja taratibu, na Desemba 2019 klabu ilitangaza kugawa bure tiketi 10,000 za nusu msimu. Wenye tiketi za msimu walizolipia wakauliza, kwa sauti ya kutosha, sasa wao wamekosea nini.

Oktoba 2021 muungano ulioongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ukainunua klabu, na St James' Park ikarudi ilivyokuwa 1993: watu wengi kuliko viti, ambavyo sasa ni 52,000, na Leazes Terrace palepale. Safari hii jibu ni droo. Tangu msimu wa 2023–24 anayetaka tiketi ya mechi moja hulipa kwanza uanachama wa mwaka, uliokuwa pauni 37 msimu huo, anaingiza jina lake kwenye mfumo, na kompyuta inachagua. Haijali nani alikuwepo siku ya Charlton na haimpi kipaumbele mwenye pauni 500, jambo ambalo wengine hulihesabu kama haki kamili na wengine kama dharau kwa walioteseka. Asiyechaguliwa hata mara moja kwa msimu mzima hulipia uanachama upya msimu unaofuata akitaka kujaribu tena. Wenye tiketi za msimu hawaingii kwenye droo kabisa: wao hulipia upya kila mwaka, na kiti hubaki chao, kwa masharti yaliyoandikwa nyuma.